Korija Nne na Saba

Ndege ilitua Dulles alasiri, na nilipotoka nje baridi ilinipiga kifuani hata nikasimama. Nilikuwa nimeambiwa kwamba Novemba ya Marekani ina baridi, nami nikadhani ni mfano wa kusi ya mwezi wa saba kwetu Pangani, ile inayomfanya mzee ajifunike shuka barazani. Sivyo. Hii iliingia kwenye meno na masikio, ikatafuta viungo vya vidole kimoja kimoja. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinivisha koti la mumewe pale pale kwenye maegesho ya magari, akanifunga vifungo kama mtoto anayepelekwa chekechea. "Pole na safari, kaka," akasema. Kisha akanishika mkono. "Na pole ya baba."

Pole hiyo ya pili ndiyo iliyonipandisha ndege. Baba alifariki mwezi wa tatu. Dada hakuwahi kuja kuzika, na miezi ile yote alikuwa akinipigia simu: njoo ubadilishe hewa, uone na watoto. Sikujua kwamba safari yangu ya kwanza nje ya Afrika Mashariki ingenifikisha tena makaburini, kwenye msiba wa watu wengine, wa miaka mingi iliyopita.

Wao wanakaa Baltimore, katika mtaa ambao nyumba zake zimeshikana ukuta kwa ukuta kama vyumba vya shule. Nilipoingia sebuleni nilimkuta mpwa wangu wa miaka 13 akitembea huku na huku, macho juu, midomo ikichezacheza. Nikajua hali ile. Ndivyo tulivyokuwa sisi kabla ya mwalimu wa chuoni hajatuita kusoma sura tuliyoihifadhi.

"Anahifadhi nini?" nikamwuliza dada.

"Hotuba ya Lincoln. Hotuba ya makaburini."

Nikaelezwa. Tarehe 19 Novemba 1863, Rais Abraham Lincoln alikwenda katika mji mdogo wa Gettysburg, jimbo la Pennsylvania, kufungua makaburi ya askari waliokufa katika vita vya Wamarekani wao kwa wao. Hotuba aliyoitoa pale wanafunzi wengi huihifadhi kwa moyo, kama wazazi wetu walivyokariri ahadi za mwana-TANU. Keshokutwa ilikuwa tarehe 19. Shemeji alikuwa ameomba ruhusa kazini ili atupeleke huko wote.

"Yote hiyo unaisoma kwa muda gani?" nilimwuliza mtoto.

"Dakika mbili, Mjomba."

Nilidhani anasema fungu la kwanza. Hapana, ni yote: maneno 270 na kidogo, sentensi kumi. Nilishangaa kweli. Nimehudhuria maombolezo mengi ya viongozi, na kwetu dakika mbili hazitoshi hata kuwatambua wageni waliokaa meza kuu.

Kisha akaniuliza swali. Mwanzoni mwa hotuba kuna neno la kuhesabia ambalo walimu wake hulazimika kulieleza, kwa kuwa Wamarekani wa leo hawalitumii. Ni neno la kuhesabu kwa ishirini ishirini. Lincoln hakusema miaka themanini na saba. Alisema ishirini mara nne, na saba juu yake. "Kwa nini hakuhesabu kama watu, Mjomba?"

"Amehesabu kama babu yako," nikamwambia. "Hiyo ni korija."

Hakuwahi kulisikia neno lile. Nikamweleza kwamba boriti za mikoko zilizopakiwa majahazini kwenda Uarabuni zilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na kwamba baba yangu, fundi wa vyombo, hakuwahi kusema boriti arobaini maisha yake yote. Alisema korija mbili. Mtoto akasimama katikati ya zulia, akajaribu: "Korija nne na saba zilizopita..." Akacheka, akalirudia. Mimi nilinyamaza. Nililisikia likisemwa kwa sauti ya baba.

Nadhani ndiyo maana Lincoln alilichagua. Katika Biblia ya Kiingereza waliyokuwa wakiisoma watu wake, umri wa mwanadamu umehesabiwa kwa namna ile ile ya ishirini ishirini. Mzee wa ukoo akisimama msibani hasemi kama karani wa ghala. Huteremka kidogo, akachukua maneno ya waliomtangulia, na wafiwa wakiyasikia hujua kwamba anayesema hakuanzia leo.

Siku iliyofuata shemeji alinipeleka Washington. Nitapita haraka kwenye mapana ya mji ule, majengo meupe na nyasi zilizonyolewa kama kichwa cha mtoto wa arobaini, nifike kwenye Ukumbusho wa Lincoln. Jengo lina nguzo 36, na ndani amekaa mtu wa marumaru, karibu mita sita kwenda juu, mikono juu ya viegemeo vya kiti. Nilikuwa nimeona picha zake, lakini picha hazisemi kwamba uso ule una uchovu. Amekaa kama mzee aliyesikiliza shauri tangu asubuhi na bado hajaamua.

Ukutani, upande wa kulia kwake, hotuba ile imechongwa yote. Niliisoma polepole kwa Kiingereza changu cha shule, nikafika mstari wa mwisho, nikashtuka. Serikali ya watu, iliyowekwa na watu, kwa ajili ya watu! Maneno yale nayajua tangu shule ya msingi. Mwalimu wetu wa uraia aliyaandika ubaoni kwa chaki, tukayanakili kuwa ndiyo maana ya demokrasia, na katika mtihani yalikuwa na alama mbili. Hakuna aliyetuambia kwamba yalitamkwa mbele ya makaburi. Miaka yote hiyo niliyabeba kama fasili ya kitabuni, kumbe ni neno la rambirambi.

Mpwa wangu alinivuta hadi ngazini, akanionyesha jiwe lenye maandishi mahali aliposimama Martin Luther King tarehe 28 Agosti 1963. "Na yeye alihesabu kwa korija, Mjomba," akasema. Ni kweli. King alianza kwa korija tano, miaka 100 tangu Lincoln alipotangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Alichukua kipimo cha mwenye nyumba ile na kukitumia kudai deni ambalo lilikuwa halijalipwa.

Tarehe 19 tuliondoka kukiwa bado giza. Mwendo ni kama kilomita 90, kupita mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa na maghala mekundu ya mbao makubwa kuliko msikiti wetu wa Ijumaa. Miti yote ilikuwa mitupu. Kwetu mti usio na jani hata moja umekufa, na ilinichukua nusu ya safari kuzoea kwamba ile ilikuwa imelala tu.

Lincoln alipita Baltimore siku moja kabla ya sherehe. Siku zile mabehewa yaliyofika mjini yalifunguliwa kichwa cha treni na kukokotwa na farasi barabarani kutoka stesheni moja hadi nyingine, na behewa la rais lilikokotwa hivyo hivyo. Nyumbani alikuwa amemwacha mwanawe Tad mgonjwa, na mkewe hakutaka aondoke, kwa sababu Februari ya mwaka uliotangulia walikuwa wamemzika Willie, mtoto wao wa miaka 11. Kwenye kofia yake ndefu kulikuwa na utepe mweusi wa msiba wa Willie. Niliposikia hayo nilitazama nje ya dirisha kwa muda. Aliyekuwa anakwenda kufariji alikuwa mfiwa.

"Lakini wewe kaka," shemeji akasema, mikono kwenye usukani, "viongozi wote msibani husema yale yale. Pengo halitazibika. Tumepoteza mtu muhimu. Tuendelee kuwa watulivu. Ukisikia moja umesikia yote."

Sikumjibu mara moja, kwa kuwa alinikumbusha tarehe 14 Oktoba 1999. Nilikuwa darasa la sita. Redio ya mwalimu mkuu iliwekwa dirishani, sisi tukasimama nje kwa mistari, na sauti ya Rais Benjamin Mkapa ikatuambia kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. Nakumbuka uzito wa sauti ile, mtu anayejikaza asivunjike mbele ya watoto wake. Maneno mengi yalinipita. Nilichotaka kujua kilikuwa kidogo sana, nami nilikipeleka nyumbani kwa baba, uani, alipokuwa akipiga randa ubao wa mashua.

"Baba, sasa nchi ni ya nani?"

Hakuacha randa. "Nchi ni ya wenyewe. Shika upande huo wa ubao."

Niliushika. Ubao ulikuwa na joto la jua, na jinsi randa ilivyokuwa ikija kwangu na kurudi nilihisi hofu inatoka. Sijawahi kusahau.

Nilipowasimulia haya, dada aligeuka kutoka kiti cha mbele. Yeye alikuwa na lake. Machi 2021, alipokufa Rais Magufuli, aliamka usiku wa Baltimore kutazama kwenye simu maombolezo ya Dodoma, Uwanja wa Jamhuri. Alisema alilia mpaka Mama Samia aliposimama. Rais mpya, siku tatu tu tangu aapishwe, aliwaambia wenye mashaka kwamba aliyesimama pale ni Rais, kisha akalirudia, kwamba ni Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania mwenye maumbile ya mwanamke. "Pale nikafuta machozi," dada akasema. "Kabla ya hapo kila mtu alikuwa anasema jinsi tulivyopoteza. Yeye ndiye aliyeniambia kiti hakiko wazi."

Shemeji akatikisa kichwa polepole. "Haya. Hilo nimelikubali."

Gettysburg ni mji mdogo hata leo. Mwaka 1863 ulikuwa na watu wapatao 2,400, wachache kuliko wanaokuja gulioni kwetu siku ya soko, na juu yao zilishuka siku tatu za vita, tarehe 1 hadi 3 Julai. Ukijumlisha waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea wa pande zote mbili, inafika takriban 51,000. Majeshi yakaondoka. Mji ukaachiwa maiti, majeruhi na maelfu ya farasi waliokufa katika joto la Julai. Wengi walifukiwa juu juu pale walipoangukia, na mvua ikawafukua. Wanawake walitembea na vichupa vya mafuta ya mnanaa puani. Pwani tunasema kifo cha wengi harusi, lakini mbele ya hesabu ile sikuthubutu kulitamka.

Wakili mmoja wa mji, David Wills, ndiye aliyesimamia ununuzi wa ardhi ili askari wa upande wa serikali wazikwe kwa heshima. Nyumba yake ya matofali bado ipo penye uwanja wa katikati ya mji, na shemeji alinionyesha ghorofa alikolala Lincoln usiku wa kuamkia sherehe na kumalizia hotuba yake. Barua ya Wills ilimwomba rais aseme maneno machache tu yanayofaa. Msemaji mkuu hakuwa yeye. Alikuwa Edward Everett, aliyewahi kuwa gavana wa Massachusetts na rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye siku ya sherehe ilisogezwa mbele kutoka Oktoba kwa ajili yake ili apate muda wa kujiandaa. Everett alisema kwa saa mbili, kwa kichwa, bila kusoma. Watu kama 15,000 walisimama wakimsikiliza. Ndipo Lincoln akainuka, na kabla wapiga picha hawajaweka vyombo vyao sawa alikuwa amemaliza.

Makaburi yenyewe yaliniduwaza kwa utulivu wake. Nilitegemea mawe marefu na sanamu, na sanamu zipo, lakini makaburi yamepangwa nusu duara kuzunguka mnara mmoja, kila jimbo na fungu lake, na alama zake ni ukanda wa jiwe ulio karibu sawa na ardhi. William Saunders, aliyechora mpango ule, hakutaka jimbo lolote liwe juu ya jingine wala ofisa alale mahali pazuri kuliko askari. Niliona sawa. Kwetu mava hayana daraja pia. Tajiri na mvuvi hulazwa ubavu wa kulia, wakielekea Kibla, na udongo ni ule ule.

Katika ukanda ule majina yamechongwa. Lakini wako karibu 1,000 ambao hawakutambuliwa, na hao hawana ukanda. Wana vipande vidogo vya marumaru, mraba, vidogo kama kigoda cha mtoto kilichozama nusu yake, na juu ya kila kimoja ni namba tu. Nilichuchumaa mbele ya kimoja. Kona yake ilikuwa imelika, kuvu la kijani limeingia kwenye mchongo wa namba, na mtu alikuwa ameweka juu yake senti moja ya shaba, ile yenye kichwa cha Lincoln, uso ukiangalia juu. Maji ya umande yalikuwa yamejikusanya pembeni ya ile senti. Nilitaka kusema kitu, nikaona kilichonijia ni Fatiha. Nikaisoma kimya, sijui kama aliyelala pale angeielewa, ila mama yake angeielewa nia.

Sherehe ilikuwa fupi. Nyimbo, mashada, viti vya kukunja, watu wamevaa makoti mazito na wengine sare za bluu za enzi ile. Walisimama pia wageni kadhaa wa mataifa mbalimbali, wakainua mikono ya kulia na kuapa uraia pale pale mbele ya makaburi. Mmoja alikuwa mama mwenye kitenge juu ya koti lake, na dada alinifinya mkono tulipomwona. Kisha mwanamume mrefu, mwenye ndevu na kofia ndefu, alisimama akaisema hotuba. Mpwa wangu, kando yangu, aliisema naye kwa pumzi, neno kwa neno, mvuke ukimtoka kinywani.

Nilikuwa nimeshaisoma ukutani, lakini kuisikia pale kulikuwa jambo jingine. Nilianza kusikia yasiyokuwemo. Hakutaja jina la mji. Hakumtaja adui wala kumlaani. Hakumtaja jemadari yeyote, wala ushindi. Neno "mimi" halimo hata mara moja. Zote ni sisi. Msemaji wa kwanza alikuwa amesimulia vita siku kwa siku, na hilo nalo lina nafasi yake, kwa kuwa mfiwa hutaka kujua mtu wake alikufaje. Lakini Lincoln alianzia mbali, korija nne na saba nyuma, na nilipopiga hesabu kwa vidole nikaona hila yake njema. Kutoka 1863 ukitoa 87 unapata 1776, mwaka wa Tangazo la Uhuru lililosema watu wote wameumbwa sawa. Angeweza kuhesabu tangu katiba ilipoandikwa 1787, lakini katiba ile ilikuwa imeukalia kimya utumwa na kuulinda. Alichagua mwaka wa kuzaliwa kwa nchi yake, akawaambia wafiwa: hii ndiyo familia mnayotoka, na hili ndilo jina lake.

Halafu akafanya jambo lililonifanya nimshike shemeji bega. Aliwaambia kwamba wao, waliokuja kuitakasa ardhi ile, hawawezi kuitakasa. Waliokufa wameshamaliza kazi hiyo. Kilichobaki ni walio hai kujiweka wakfu kwa kazi ambayo waliokufa wameiacha haijaisha.

"Huyu anaanua matanga," nikasema.

Shemeji alinitazama. Yeye ni mtu wa Morogoro lakini alielewa. Siku ya tatu ya msiba wa baba, baada ya hitma na ubwabwa, watu wakiwa bado wamekaa mikekani, baba mdogo alisimama barazani. Hakutoa sifa za marehemu, zilikuwa zimesemwa. Aliuliza kama kuna anayemdai, aje kwake. Akasema nani atakaa na mama wakati wa eda. Kisha akaelekeza kidole uani. "Kaka ameacha mashua. Mbao zimekwisha kupigwa, kalafati bado. Sijui mwenzangu anasemaje." Mwenzake nilikuwa mimi. Nilisema nitaifanya. Ndipo watu wakainuka, wakakunja mikeka, nami kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikasikia njaa.

Nilikuwa nimefikiri kwamba mfiwa hutulizwa kwa kuambiwa kwamba maumivu yatapita. Pale Gettysburg niliona kilichonituliza mimi, mara mbili, utotoni na ukubwani: mtu aliyenipa upande wa ubao nishike.

Sitaki kuficha kwamba jambo hili linanitia hofu pia. Vita havikuisha pale. Viliendelea mpaka Aprili 1865, na kazi aliyowapa wafiwa ilikuwa pamoja na kupeleka watoto wengine wafe. Kiongozi anayejua kusema makaburini anaweza kuwageuza wafu kuwa deni, na deni hilo kulilipisha kwa yeyote. Wapo waliofanya hivyo, katika nchi nyingi. Ninachomkubalia Lincoln ni kwamba aliitaja kazi yenyewe, uhuru uzaliwe upya, serikali ya watu isipotee duniani, ili kila mtu aweze kumpima kwa hilo baadaye. Na si wote waliomwelewa. Gazeti moja la Harrisburg, jirani kabisa, liliyaita maneno yake ya kipuuzi, na lililorithi nafasi yake liliomba radhi mwaka 2013, miaka 150 baadaye. Everett mwenyewe hakungoja. Kesho yake alimwandikia Lincoln kwamba angefurahi kama saa zake mbili zingekuwa zimekikaribia kiini cha siku ile kama dakika mbili za rais zilivyokikaribia. Namheshimu sana Everett kwa barua hiyo.

Nilidhani tumemaliza, lakini dada alikuwa na mahali pengine pa kunionyesha. Tulivuka mji hadi njia iitwayo Long Lane, kwenye makaburi madogo yenye uzio, nyumba za watu zikiwa zimeyazunguka. Yanaitwa Lincoln. Hapa hapakuwa na viti wala mashada makubwa. Wamelala hapa Wamarekani weusi wa mji ule, wakiwamo askari waliopigana vita vile vile chini ya serikali ile ile. Kule juu kwenye nusu duara, kwenye usawa uliochorwa kwa uangalifu ule, wao hawakupewa nafasi, isipokuwa wachache mno baadaye. Yupo pia Basil Biggs, mtu mweusi aliyeongoza kikosi cha wafanyakazi weusi kuwafukua askari mashambani ili wapelekwe kuzikwa upya. Siku Lincoln aliposema kwamba watu wote wameumbwa sawa, kazi ya akina Biggs ilikuwa haijafika hata nusu. Mchana watu walipiga makofi, na kesho yake wao walishika sepetu tena.

Tulisimama pale kwa muda mrefu kuliko kule juu. Mpwa wangu hakuwa na la kusema. Alikuwa ameinama akiondoa majani makavu juu ya jiwe moja kwa glovu zake, jani moja moja, kama tunavyofanya sisi tukienda kuzuru mwezi wa Shaabani. Hakuna aliyemwambia. Nilichuchumaa nikamsaidia, na dada naye, na mwisho shemeji akavua miwani yake akaanza na jiwe la pili. Udongo wa pale ni mwekundu kidogo, mzito, unanata. Uliingia kwenye kucha zangu, nami sikuuosha mpaka usiku.

Tulirudi Baltimore jua likizama saa kumi na moja jioni, jambo ambalo bado linanishangaza, jua kuondoka mapema hivyo kama mtu aliyeitwa. Mtoto alilala begani kwangu. Nilihesabu masaa: Pangani ilikuwa imeshakaribia saa saba usiku. Nikangoja. Saa tano na ushee ya usiku wa Baltimore, kwetu watu wakiwa wametoka kuswali na chai iko jikoni, nilimpigia baba mdogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Huko salama? Baridi inasemaje?"

"Salama. Inauma. Mashua vipi?"

Nilisikia jogoo, na nyuma yake nyundo ya kalafati, ko, ko, ko, mtu alikwisha anza kazi.

"Ubavu wa kulia tumemaliza," akasema. "Pamba imeingia vizuri, tumepaka na sifa. Wa kushoto nimeuacha. Huo ni wako."